Wikiendi ya kusaka makopo: kutoka Mjini hadi Makunduchi kwa sahibu yako

Mchezo wa jiokashi si mgumu kuuelewa. Mtu anaficha kopo, anatangaza nambari za mahali alipolificha, na wewe unazifuata kwa GPS ya simu mpaka ulione. Ukilipata unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo ndani, ukitaka unachukua kitu kidogo na kuacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi, kisha unalirudisha pale pale. Ulianza tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatoa nambari zake kwenye intaneti, na mtu wa kwanza kuipata alikuwa Mike Teague. Leo yapo makopo zaidi ya milioni tatu duniani.

Kwetu Unguja simu na setilaiti hazina taabu kubwa. Taabu ni kwamba hakuna kichaka kisicho na mwenyewe. Shamba lina wenyewe, kisima kina wenyewe, na hata pango lina watu wanaolitunza. Mgeni anayeinama kwenye kuta za watu huku akiangalia simu ataulizwa anatafuta nini, na ni haki aulizwe. Ndiyo maana safari hii naipanga kuanzia kwa mwenyeji, ramani ikafuata.

Mpigie mwenyeji kabla hujafungua ramani

Tuseme sahibu yako anaishi Makunduchi, kusini mwa Unguja, na wewe uko Mjini, au umevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam Ijumaa. Mpigie mapema katika wiki. Muulize kama Jumamosi hiyo kijijini pana harusi, hitima au shughuli yoyote. Kama ipo, mtakwenda shughulini na makopo yatangoja. Muulize sheha wao, yaani kiongozi wa serikali wa hapo, anapatikana saa ngapi, na maji yanakupwa saa ngapi pwani ya kwao. Mwisho muulize ni sehemu gani watu hawaingii. Jibu la swali hili liandike na usilibishie, hata kama kwenye ramani unaona njia safi inayopita hapo hapo.

Halafu mwombe akufichie kopo moja la kwenu wawili tu. Visiwani makopo yaliyosajiliwa kwenye tovuti ya mchezo ni machache, na baadhi hukaa muda mrefu bila kuguswa. Kabla ya kuliweka kopo kwenye orodha yako soma walioandika mwisho: kama watu wawili watatu wa karibuni wote wameandika kwamba hawakuliona, liache. Ukiitegemeza safari nzima juu ya makopo ya namna hiyo, unaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. La sahibu yako lipo kwa hakika, maana kaliweka mwenyewe asubuhi ile.

Nambari ziandikwe sawasawa

Hapa naomba utulivu, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Sahibu atakutumia mahali kwa WhatsApp, na simu itasoma nambari kwa nyuzi zenye desimali, kwa mfano -6.42500, 39.55000. Mchezo wenyewe unaandika kwa nyuzi na dakika: S 6° 25.500 E 39° 33.000. Zote mbili ni mahali pamoja, hapo hapo eneo la Makunduchi. Kuzigeuza, chukua kilicho baada ya nukta uzidishe kwa 60. Kwa hiyo 0.42500 mara 60 ni 25.500, na 0.55000 mara 60 ni 33.000.

Mtu akiharakisha akaandika 6.25500 kwa sababu ameona "6" na "25.500", tayari amesogea karibu kilomita 19 kaskazini. Ile alama ya kutoa mbele ya 6 nayo isidharauliwe, ndiyo inayosema tuko kusini mwa Ikweta. Ikidondoka, ramani itakuonyesha Ethiopia. Wala usizikate tarakimu za mwisho ukidhani hazina kazi: katika dakika, tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita mbili ardhini.

Mwenye kuficha naye ana wajibu wake. Asichukue nambari huku anatembea. Asimame juu ya mahali penyewe dakika mbili mpaka simu itulie, aandike, aende hatua ishirini, arudi kwa upande mwengine na asome tena. Zikipishana kidogo achukue za katikati. Zikipishana sana, pengine yuko chini ya mti mkubwa au kando ya ukuta mrefu, basi atafute mahali pa wazi zaidi. Ndiyo maana kopo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe linasumbua: mawimbi yanagonga kuta mbili kabla ya kufika kwenye simu yako. Kule unategemea dokezo zaidi kuliko nambari.

Kuchagua wikiendi

Masika, Machi mpaka Mei, iache. Njia za mashamba zinajaa maji na mawe yanateleza. Juni mpaka Oktoba, upepo wa kusi ukivuma, ndio wakati mzuri, na Januari na Februari pia pakavu ingawa jua ni kali.

Kama unataka kutafuta pwani, mwezi ndio utakaokupangia. Bamvua, yaani maji kujaa na kutoka kwa wingi, huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na upande wa mashariki maji yakitoka yanatoka kwelikweli, unaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani. Uzuri huo una hatari yake: maji yakianza kujaa hupitia kwanza kwenye mikondo, na anayeangalia simu anaweza kukuta mkondo umejaa nyuma yake. Kumbuka pia kwamba saa ya maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ulichoambiwa cha Jumamosi usikitumie Jumapili. Na ukipita Paje au Jambiani, zile kamba na vijiti chini ya maji ni mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 na wengi wanaokifanya ni wanawake. Zunguka, usikanyage, na kopo lisifungwe kamwe kwenye kijiti cha mtu.

Julai pana Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, pale pale Makunduchi. Nenda, kwa kila njia. Watu wa huko hawapendi siku hiyo ipite bila mgeni nyumbani, na sahibu yako atafurahi. Lakini nenda kama mgeni wa sherehe, kopo lisubiri wikiendi nyingine.

Vya kuchukua

Kwanza viatu. Kusini ya Unguja ni maweni, jiwe la matumbawe lenye ncha kali, na ndala hazifai hata kidogo. Viatu viwe vya kufunika mguu na vyenye soli nene. Chukua tochi, kofia, maji, pawa benki, fimbo fupi, na penseli badala ya kalamu, kwa sababu wino hufumuka kwenye karatasi yenye unyevu na penseli haifumuki. Pakua ramani ya Unguja yote ukiwa bado nyumbani. GPS haihitaji bando, ramani ndiyo inayohitaji.

Nguo ziwe za heshima: mwanamke awe na kanga au mtandio, mwanamme afunike magoti. Unakwenda kukaa na watu.

Kwa mwenyeji usiende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, mikate ya boflo kutoka Mjini, na tende au halua kwa ajili ya wazee. Hii ni sehemu ya safari sawa na simu.

Vitu vya kubadilishana viwe vidogo na vikavu: shanga, vifungo, sarafu za nchi nyingine, kadi. Chakula kisiingie koponi. Ndoo ile ya kwanza ya Oregon ilikuwa na kopo la maharage, lakini siku hizi kanuni zinakataza, na kwetu sababu inaonekana kwa macho: siafu, panya, kaa na kima hawahitaji GPS. Sabuni na vitu vyenye manukato navyo vibaki nyumbani.

Njiani, Jumamosi

Ondoka saa moja asubuhi, mafuta yakiwa yameshajazwa Mjini. Leseni na karatasi za gari ziwe karibu, maana njiani utasimamishwa. Usiye na gari, dala dala nambari 310 ndiyo ya Makunduchi. Mwambie utingo unashuka kwa nani, mara nyingi anamjua.

Baada ya Tunguu utapita katikati ya miembe ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Ni mahali pazuri pa kupima simu yako. Egesha mbali na lami, tembea polepole chini ya matawi uone jinsi alama kwenye ramani inavyoruka, kisha toka kwenye uwazi uone inavyotulia. Ukishaona tofauti hiyo kwa macho yako, utajua wakati wa kuiamini simu na wakati wa kuiweka mfukoni.

Jozani endesha taratibu. Matuta yale yamewekwa kwa sababu kima punju walikuwa wanagongwa na magari. Eneo hilo limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004: unalipa getini, unakwenda na mwongoza wageni, unabaki kwenye njia. Usifiche kitu humo bila ruhusa ya hifadhi yenyewe, na usimsogelee kima kwa ajili ya picha.

Kitogani barabara inagawanyika, moja Paje na nyingine Muyuni kuelekea Makunduchi. Kama mna saa moja ya ziada, pindeni Kizimkazi Dimbani mkauone msikiti wa kale. Kwenye kibla chake pana maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Hapa mwenyeji mwenye akili anaweza kupata swali zuri bila kuficha kitu msikitini. Anakutumia nambari zenye mapengo, kisha anakwambia: tarakimu zinazokosekana ziko kwenye mwaka wa msikiti. Huwezi kuzijaza mpaka umwamkie mtunzaji, uvue viatu, umsikilize. Makopo ya aina hii ya hatua kwa hatua nayapenda kuliko yote, kwa sababu yanakulazimisha kuzungumza na mtu.

Kwa sheha

Fika kwa sahibu, kula, pumzika, swalini adhuhuri. Jua likilegea, kama saa tisa, nendeni pamoja kwa sheha na kwa mwenye shamba kuomba ruhusa ya kopo mtakaloliacha. Mwenyeji ndiye wa kusema kwanza. Mazungumzo hayazidi haya:

"Hodi!"
"Karibuni."
"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Huyu nani?"
"Mgeni wangu, katoka Mjini. Tuna mchezo wetu mzee, tunaficha kikopo na watu wanakitafuta kwa simu. Tunaomba kukiweka karibu na ule mbuyu wa shambani kwa babu."
"Ndani mna nini?"

Hapo usieleze. Fungua kopo umpe mkononi. Aone kidaftari, penseli na shanga, azitoe akipenda. Kopo lililofunguliwa mbele ya sheha halimtii mtu wasiwasi tena. Atauliza pia, na ni swali la haki: "Na wakija watu wengine kulitafuta?" Jibu mlikubaliane kabla ya kutoka nyumbani: watapitia kwa mwenyeji kwanza, na jambo hilo litaandikwa kwenye maelezo ya kopo. Akikataa, shukuruni, ongeeni habari za mvua, muondoke. Mahali pengine papo.

Mapango, mizimu na makaburi

Kusini kuna mapango mengi, na mpenda jiokashi akiona pango moyo unamwenda mbio. Simama kwanza. Mapango mengine yana maji na watu wanachota. Mengine ni mizimu. Utaona vitambaa vyeupe au vyekundu vimefungwa kwenye matawi au mlangoni, chetezo chenye majivu ya ubani, chupa ya marashi, sarafu, pengine yai. Kwa macho ya mtafutaji, kichupa kilichosogezwa nyuma ya jiwe ndicho hasa alichokuja kukitafuta: kimefungwa, kimefichwa, kiko ndani ya mita chache za nambari. Usikiguse. Hiyo ni nadhiri ya mtu, huenda ya mama aliyeuguliwa na mtoto. Hata kama wewe huamini mizimu hata kidogo, kitu ni cha mtu, na aliyekiweka hakukiweka kwa ajili yako. Sarafu za koponi ni za mchezo, sarafu za pangoni si zako.

Pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, lina yote mawili: watafiti wamelichimba wakapata zana za mawe za watu wa kale, na wenyeji bado wanalitumia kwa dua zao. Ingia na mtu wa hapo, tazama, uliza, toka. Mahali kama hapa panafaa zaidi ile aina ya jiokashi isiyo na kopo, ambayo mtafutaji anajibu swali kuhusu ardhi. Swali liko tayari: jiwe hili limetoka wapi? Gusa ukuta utazame kwa karibu. Utaona alama za matumbawe, vijishimo vilivyopangika kama nyota ndogo, na vipande vya kome, maana Unguja hii ya maweni ilikuwa mwamba hai chini ya bahari. Jiwe lile lile ndilo linalojengewa nyumba za Makunduchi, na likichomwa ndiyo chokaa yake.

Makaburini, misikitini, visimani na maskulini kopo lisiwekwe. Wala karibu na kambi za askari, bandari, transfoma na nguzo za umeme.

Mita kumi za mwisho

Simu ikikwambia zimebaki mita kumi, iweke mfukoni. Kutoka hapo kazi ni ya macho. Jiulize: ningekuwa mimi, ningelificha wapi ili mvua isilifikie na mbuzi asilipindue? Tafuta kilichokaa kwa namna isiyo ya kawaida, mawe matatu yaliyopangwa mno, makuti makavu mahali pasipo na mnazi. Usitie mkono tunduni. Pitisha fimbo kwanza, kuna nge, tandu na nyoka. Kuta za mawe zinazozunguka makonde usizibomoe hata jiwe moja. Mtu amezipanga kwa mikono ili wanyama wasile mazao yake, na kopo lililofichwa vizuri halihitaji ukuta ubomolewe.

Watoto watakuja. Wasalimie, waeleze, watafute pamoja nawe, kisha waonyeshe jinsi ya kuandika majina na kulirudisha. Kopo ambalo watoto wa mtaa wanalijua na wanalionea fahari hukaa muda mrefu kuliko lile wanaloliokota hawajui ni la nani.

Nusu saa ikipita hujaona kitu, mpigie sahibu akupe dokezo.

Kuacha kopo lenu

Kopo la bati halifai, hewa ya bahari italila kwa kutu. Tafuta la plastiki nene lenye mfuniko wa kubana na mpira ndani yake, lipake rangi ya kijivu au udongo, kidaftari kiwe ndani ya mfuko wa nailoni. Halizikwi ardhini, na halipigiliwi msumari kwenye mti. Juu yake bandika maneno haya, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa:

"HUU NI MCHEZO. Ndani mna kidaftari na vitu vidogo vya kubadilishana. Ukiliona kopo hili, fungua, andika jina lako ukipenda, kisha lirudishe mahali pake. Limewekwa kwa ruhusa ya mwenye shamba."

Chini yake jina la mwenyeji na nambari ya simu anayoridhia kuitoa. Ukurasa wa kwanza wa kidaftari mpe mwenye shamba aandike yeye kabla ya mtu yeyote.

Mkitaka kulisajili, hakikisheni halipo kopo jengine lililosajiliwa ndani ya mita 161. Sajilini kwa jina la mwenyeji. Wakaguzi wa mchezo hawakubali kirahisi kopo la mpita njia, wanataka kujua nani atalitunza, na anayeishi Makunduchi ndiye mwenye jibu la kweli.

Jumapili

Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, ndio wakati wa kopo la pili au wa kutembea pwani kama maji yametoka. Mchana ni wa nyumbani kwa mwenyeji. Ondokeni alasiri ili magharibi iwakute karibu na Mjini, kwa sababu usiku barabara ina baskeli na ng'ombe wasio na taa.

Ukifika, andika taarifa ya kila kopo ulilotafuta, na lile ambalo hukulipata pia. Eleza hali ya njia na hali ya karatasi, usitaje lilipofichwa wala usiweke picha inayolionyesha. Kisha kubaliana na sahibu tarehe ya kulikagua kopo lenu: mara moja baada ya masika na mara moja baada ya vuli, abadilishe karatasi, atazame mpira wa mfuniko, amuulize mwenye shamba kama bado ameridhika. Siku akihama Makunduchi, alitoe, alifute kwenye orodha, na apite kwa sheha kumwambia kwamba halipo tena.